Sange wa kichakani na uyoga wa gogo

Hombolo, Dodoma
9 Februari

Mpendwa shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha Mama kimetulia. Sisi huku tuna afya. Mvua zilichelewa mpaka tukaanza kutazamana, kisha zikaja kwa nguvu wiki ya Krismasi. Uwele umeshika, mtama wa majirani umefika kiunoni, na mlenda umejaa kila ukingo wa njia.

Nimesikia Baba Neema alikupigia simu kunishitaki. Mwenyewe amekiri. Anasema nimekataa kile kichaka cha nyuma ya nyumba kisifyekwe, anasema kitaleta nyoka, na kwamba wapita njia wanadhani nyumba imehamwa. Nawe ukaniandikia: "Mama Neema, kwani kuna nini humo?" Nilianza kukujibu kwa simu, nikaona hapana. Jambo hili linataka karatasi.

Humo kuna sange. Na pembeni ya kichaka, karibu na jiko la nje, kuna magogo ya ule mwembe ulioangushwa na upepo mwaka juzi, na kwenye magogo hayo kuna uyoga mdogo mweupe ambao umenishughulisha karibu sawa na sange mwenyewe. Nitakueleza wote wawili, kwa sababu nimewatazama kwa pamoja karibu nusu mwaka sasa na siwezi tena kumfikiria mmoja bila mwingine.

Nianze na sange. Agosti iliyopita, jua likiwa limekausha kila kitu, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nachambua choroko. Nikaona chini ya mgunga mstari mwembamba wa udongo mtupu, upana wa kiganja, umepita katikati ya majani makavu kana kwamba mtoto ameuchora kwa kijiti. Nikaufuata kwa macho. Ukagawanyika, mmoja ukaenda kwenye kichuguu, mwingine ukazunguka jiwe. Nikadhani ni njia ya panya. Kesho yake, alfajiri, akaja mwenye njia: rangi ya kahawia yenye wekundu, miguu myembamba kama ya paa aliyefinyangwa na mtoto, jicho kubwa lenye mzunguko mweupe na alama nyeusi nyuma yake, na ile pua, Mwanaidi, ndefu, inayopinda huku na huku ikinusa kama mkonga. Mkia karibu urefu wa mwili wote. Uzito wake ni gramu 50 hadi 60, yaani yai moja la kuku. Wataalamu humwita Galegeeska rufescens.

Alikuwa anafagia. Sisemi kwa mfano. Alikuwa anafagia kweli. Kila baada ya hatua chache anasimama, anapiga jani kwa mguu wa mbele, linaruka pembeni, anaendelea. Kijiti kimoja kimelala njiani, anarudi kukiondoa. Baadaye nikasoma kazi ya Galen Rathbun, Mmarekani aliyewafuatilia sange wa aina hii kule Kibwezi, Kenya, katika miaka ya 1970, nikaelewa. Sange huyu hana shimo wala kiota. Hulala juu ya njia yake, mahali palipojificha kidogo tu. Akitokea nyoka, kipanga au kicheche, ngome yake ni mbio, na mbio hizo zinataka njia isiyo na kijiti hata kimoja. Ukiona anapiga ardhi kwa miguu ya nyuma, tap-tap-tap, ujue ameshakuona na anakwambia hivyo.

Mimi hufagia uwanja mzima mpaka udongo unang'aa, kama walivyonifundisha bibi zangu. Yeye hufagia njia tu, majani mengine huyaacha, kwa sababu ndani ya majani hayo ndimo wanamokaa mchwa na sisimizi anaowala. Baada ya kuligundua hilo, kona ya mwisho ya uwanja wetu sijaipelekea ufagio tena. Hili nadhani ndilo lililomtia Baba Neema wasiwasi wa kweli.

Sasa hebu sikiliza la ukoo, maana najua utasema "ni panya tu." Tulipokuwa chuoni, vitabu vilikuwa bado vinamweka pamoja na virukanjia. Uchunguzi wa jeni wa miaka ya 1990 ukampeleka kwingine kabisa: jamaa zake ni tembo, pimbi, muhanga na nguva. Ukoo huo ulianzia hapa hapa Afrika, bara letu lilipokuwa kisiwa. Panya yuko karibu zaidi na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na sange. Nilipowaambia watoto wa kidato cha pili, darasa lilinyamaza kabisa, kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza kama tembo anajua.

Nije kwenye uyoga. Unaufahamu, hata kama hukuwahi kuupa jina. Huota kwenye gogo au tawi lililokufa, vipande vidogo vya kijivu-cheupe vyenye umbo la feni, vya sentimita moja hadi nne, juu vina manyoya kama pamba chafu, havina shina la kusemwa. Jina lake la kitaalamu ni Schizophyllum commune, na neno hilo la pili lina maana ya kitu cha kawaida, cha kila mahali. Ni kweli. Uko katika kila bara isipokuwa Antaktika. Kule Malaysia na kaskazini mashariki mwa India watu huupika. Huku kwetu sijaona mtu akiusogelea, na mimi mwenyewe nauona mgumu mno, kama ngozi.

Kiangazi chote ulikuwa kwenye magogo yangu umejikunja, mkavu, unavunjika ukiuminya. Nikadhani umekufa. Nikachukua vipande vinne, nikavitia kwenye bahasha, nikavisahau kwenye droo shuleni tangu Agosti mpaka Oktoba. Siku nafundisha kuvu nikavikumbuka. Saa mbili asubuhi nikaviweka kwenye kisahani chenye maji. Saa sita vilikuwa vimefunguka vyote, laini, kama vimeota jana. Watoto wakapokezana kioo cha kukuzia. Chini ya kofia kuna vikunjo vinavyotoka kwenye kitako kama vijiti vya feni, na kila kikunjo kimepasuka katikati kwa urefu wake. Ukame ukija, zile nusu mbili hujikunja, kila moja upande wake, zikaifunika ngozi inayotoa spora, zile mbegu zake ndogo kama vumbi. Maji yakija, hunyooka na kazi inaendelea pale ilipoishia.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza A.H.R. Buller, aliyekuwa profesa Winnipeg, Kanada, aliukausha uyoga huu na kuufungia ndani ya mirija ya kioo iliyoondolewa hewa. Mrija mmoja ulifunguliwa baada ya miaka ipatayo 50, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Uyoga ukapewa maji, ukafunguka, ukatoa spora.

Unaona tayari palipoanza kunivuta. Hapa Dodoma mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba inayobaki kila kiumbe kinatafuta namna yake. Uyoga unasimamisha maisha na kungoja. Sange hawezi kungoja hata siku mbili. Mwili wake mdogo unataka chakula kila leo, kwa hiyo anaishi kwa kuijua sehemu yake moja, kila kona, kila jiwe, kila upenyo. Jozi moja ya sange hutawala eneo la kama theluthi moja ya hekta, pungufu ya nusu ya uwanja wa mpira, na ndani yake njia zote wanazijua gizani.

Ila lililonikosesha usingizi ni habari ya ndoa zao.

Sange huoana mmoja kwa mmoja. Dume na jike wanashika eneo lile lile mpaka mmoja afe au aondolewe. Akija dume mgeni, dume mwenyeji ndiye anayemfukuza; akija jike, anafukuzwa na jike. Wakati wa kuzaa mama hubeba mimba karibu miezi miwili, anazaa mtoto mmoja au wawili, nao huzaliwa na manyoya yao, macho yamefunguka, na muda si mrefu wanatembea. Baba hambebi mtoto wala hamletei chakula. Anachofanya kwa bidii kuliko mama ni kufagia njia.

Uyoga nao, shika kichwa. Kwetu sisi jinsia ni mbili. Kwao zinahesabiwa zaidi ya 23,000. Kuvu huishi ndani ya gogo kama nyuzi nyembamba; jifikirie kila uzi umebeba kufuli mbili. Kufuli ya kwanza inapatikana kwa namna zipatazo 288, ya pili namna 81. Zidisha, utapata 23,328. Ili nyuzi mbili ziungane na kuzaa, lazima zitofautiane kwenye kufuli zote mbili. Maana yake, uzi ukikutana na mgeni yeyote kutoka gogo la mbali, karibu kila mara ataweza kuwa mwenzi. Lakini ukikutana na ndugu aliyetoka kwenye uyoga ule ule, nafasi ni moja kati ya nne tu. Nimekaa na hesabu hiyo mezani nikamkumbuka babu yangu, alivyokuwa akimhoji kila mchumba aliyeingia kwetu kuhusu ukoo wa mama na ukoo wa baba kabla hata hajamkaribisha kiti.

Basi nikasema, hawa ni kinyume kabisa. Mmoja ana mwenzi mmoja katika theluthi ya hekta, mwingine ana wenzi wasiohesabika dunia nzima. Nilikuwa tayari kukuandikia hivyo na kufunga bahasha. Lakini nikaendelea kusoma, na kuwatazama.

Nyuzi mbili za uyoga zikishaungana, viini vyao, yaani vile vinavyobeba jeni, haviungani. Ndani ya kila chumba kidogo cha uzi kunakuwa na viini viwili, kimoja cha huyu na kimoja cha yule, vimekaa bega kwa bega. Uzi ukikua, chumba kikigawanyika, vyote viwili hugawanyika kwa pamoja, ili kila chumba kipya kipate wote wawili. Vinaishi hivyo ndani ya gogo miezi, hata miaka. Vinakuja kuungana kuwa kimoja pale tu uyoga wenyewe unapochomoza, kwenye vile vikunjo, muda mfupi kabla ya spora kutengenezwa.

Na sange? Nimewatazama jozi wangu tangu Agosti, na naweza kuhesabu kwa vidole mara nilizowaona pamoja. Dume hupita, anafagia, anaondoka. Baada ya nusu saa jike anakuja kwa njia ile ile, anakimbia juu ya udongo ambao mwenzake ameusafisha, naye anapiga jani lililoanguka katikati. Hawalali pamoja. Hawachambuani manyoya. Rathbun naye aliona hivyo Kibwezi: wanashirikiana eneo, si muda. Kuna siku chache tu jike anapokuwa tayari, ndipo dume anamfuata nyuma kama kivuli, halafu kila mmoja anarudi kwenye zamu yake.

Bega kwa bega bila kuyeyuka mmoja ndani ya mwingine, nyumba moja, kazi moja. Mwanaidi, mimi na Baba Neema tuna miaka 22. Yeye huamka saa kumi kwenda shamba la zabibu, mimi narudi shuleni saa kumi na moja jioni, na mara nyingi kinachoniambia kwamba amepita ni maji aliyoniwekea kwenye ndoo. Nilipoyasoma haya nilikaa muda mrefu na ile ndoo.

Tena kwa damu hawako mbali kama unavyodhani. Kuvu zina undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Uyoga ulioota kwenye mwembe si ndugu wa mwembe. Ni ndugu wa huyo anayepita chini yake. Ukuta wa uzi wa kuvu umejengwa kwa kaitini, kitu kile kile kilichojenga gamba la mchwa anayetafunwa na sange. Na mchwa wa vichuguu hivi vyetu vikubwa hulima kuvu chini ya ardhi: anakusanya miti na nyasi, anaulisha uyoga wake, naye anakula humo. Ndio ule uyoga wa kichuguuni unaotoka mvua za kwanza, ambao uliumaliza peke yako ulipokuja mwaka ule. Kwa hiyo sange anakula mti bila kuujua, umepitia kwa kuvu na kwa mchwa kwanza.

Umewahi kusikia habari ya Jibuti? Kuna sange wa Kisomali ambaye wanasayansi hawakuwa wamempata kwa karibu miaka 50. Mwaka 2020 walitangaza kwamba yupo, wamempata Jibuti, baada ya kutega mitego zaidi ya elfu moja kwenye majabali. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Chambo kilikuwa siagi ya karanga, oti na hamira. Hamira ni kuvu. Ni kitu kidogo, lakini nilifurahi nacho siku nzima.

Sasa nikwambie kwa nini sitaki kichaka kifyekwe.

Oktoba, kiwanja cha upande wa kushoto, ambacho nacho kilikuwa kichaka tangu nizaliwe, kilipimwa na kuuzwa. Mji unakuja, nami sina ugomvi na anayejenga. Tangu serikali ihamie hapa kila mtu anahitaji mahali pa kuweka kitanda. Vijana wenye mapanga na shoka walimaliza kazi kwa siku mbili. Wakachoma majani, magogo wakayapanga mpakani. Mvua za kwanza zilipoanguka, magogo yale yalijaa uyoga mweupe kuanzia juu mpaka chini. Spora zake zilikuwa hewani muda wote, zinangoja mtu aangushe mti. Shoka lile lile lililomjengea mmoja nyumba ndilo lililomvunjia mwingine.

Maana upande ule nako kulikuwa na jozi ya sange. Nilikuwa nimeziona njia zao. Siku ya pili ya kufyeka nilimwona mmoja kwenye mpaka wetu, amesimama mahali njia yake ilipoishia kwenye majivu. Aliingia kichakani kwangu. Nikasema afadhali, amepata pa kukaa. Haikupita robo saa nikasikia miguu ikipigapiga, vurugu kwenye majani, akatoka mbio kuelekea barabarani. Ni dume wangu, au jike wangu, sikuweza kutofautisha, ndiye aliyemtoa. Kichaka changu kilikuwa na wenyewe. Sange aliyefukuzwa hana gogo la kungojea miaka 50. Hana hata wiki. Yule sijamwona tena.

Ndiyo maana nikiambiwa "si atahamia kwingine," nashindwa kunyamaza. Kwingine kote kuna sange, au kuna nyumba.

Nimekubaliana na Baba Neema hivi: atafyeka mita tatu kutoka ukuta wa jiko, ili nyoka waonekane, na mimi nitapanda minyaa kando ya barabara ili kichaka kionekane ni cha mtu. Kilichobaki kinabaki. Hakufurahi sana, lakini juzi nilimkuta amechuchumaa jioni pale kwenye mgunga, kofia mkononi, ametulia kabisa. Sikumsemesha.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea kipande kimoja cha uyoga, nimekifunga kwenye karatasi ya daftari. Usiogope kwamba nakuletea ugonjwa wa miti. Kwenye miembe yenu ya Muheza umejaa tayari, kaangalie. Ila kiweke mbali na Mama, kwa sababu spora zake mara chache sana huwasumbua watu wenye kifua dhaifu. Kiweke kwenye kisahani chenye maji asubuhi, mchana ukigeuze, utazame chini.

Huyo mwingine siwezi kumtia kwenye bahasha. Njoo Juni shule zikifungwa. Majani yatakuwa yamepukutika, njia zake zitaonekana vizuri, naye atakuwa na kazi nyingi. Inabidi uamke saa kumi na moja na nusu na usiseme neno mpaka jua litoke, jambo ambalo najua kwako ni zito. Kigoda chako kiko tayari, nimekiweka mita nne kutoka kwenye jiwe, ili wakizoee kabla hujaja.

Msalimie sana shemeji, na Mama umshike mikono kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako,
Mama Neema